Kura ya Kidete na Baba Yetu Yeremia Mloka

Mwaka umetimia, Baba, tangu tukuzike hapa Kidete tarehe 11 Julai 1975, na hasira yetu haijapoa. Tulikusudia kuandika maneno ya upole kama zinavyofanya familia nyingine. Tumeshindwa, na wewe unajua kwa nini.

Ulikuwa diwani wetu tangu mwaka 1963 hadi mabaraza yalipovunjwa, na hata baada ya hapo hakuna aliyeacha kukuita Diwani. Ulipanda baiskeli hadi Kisanga kusikiliza shauri la mbuzi mmoja. Ulikuwa na cheo, lakini wazee uliwaamkia kwanza, tena ukiwa umevua kofia. Mkutanoni mtu akikatizwa ulisema, "Mwache amalize," hata kama aliyekuwa anasema alikuwa anakutukana wewe. Nyumbani ilikuwa hivyohivyo. Tukigombana, kila mmoja alisema mpaka mwisho, ugali unapoa, na Mama analalamika kwamba amezaa bunge.

Septemba 1974 alikuja ofisa kijana ambaye hakumwamkia mtu. Akatangaza kwamba kijiji kizima kihamie bondeni, kando ya mto Mkondoa, kabla ya mvua. Ulisimama ukamwambia, "Bwana ofisa, huko mto hupita kila masika. Lakini mimi peke yangu si kijiji. Tupige kura."

Alicheka. Wewe ukaweka mitungi miwili chumbani kwetu, nyuma ya pazia la kanga, kwa sababu wazee wengi hawakujua kusoma. Kila mtu alipewa punje moja ya mahindi na moja ya maharage: hindi ni kuhama, haragwe ni kubaki. Aliyoichagua aliitumbukiza katika mtungi wa kwanza, iliyobaki akaitupa katika wa pili, basi hakuna aliyejua siri yake. Ulimpa hata Mzee Kisioki, mfugaji, ambaye ofisa alidai ni mpita njia, ilhali wanawe wote wamezaliwa hapahapa. Shangazi Hildegarda akaomba haragwe jingine kwa niaba ya mumewe, aliyekuwa Ruhembe akikata miwa. Ulijua fika kura hiyo ingekuwa ya upande wako. "Dada, kila mtu na yake," ukamwambia. Alikununia mpaka Krismasi.

Maharage yalikuwa mia mbili na tisa. Mahindi thelathini na moja. Ofisa akaandika kwenye muhtasari wake kwamba wanakijiji wote wamekubali kuhama kwa hiari, akakupa kalamu utie sahihi, maana jina lako lilikuwa na uzito. Ukairudisha karatasi. Siku hiyohiyo ukaitwa mpinga maendeleo, wewe uliyechimba msingi wa shule kwa mikono yako, wewe uliyepiga ngoma ya Uhuru mpaka ikapasuka! Siku arobaini na mbili ulilala mahabusu kwenye sakafu yenye maji, bila shitaka lolote. Ulirudi na kikohozi, ukakuta mapaa yetu yamebomolewa na sisi tuko bondeni. Aprili mto ukaja. Maji yalibeba nyumba kumi na nne na mtoto wa Mwanvua, jirani yetu. Hukusema, "Si niliwaambia?" Ulilia mbele za watu, ukaingia majini na kamba kuwatoa waliobaki, na kikohozi kile kikakumaliza.

Haya tungeyameza, wengi wameyameza. Lakini mwezi uliopita ofisi ileile ilimtuma tarishi na mfuko wa saruji nyuma ya baiskeli, eti wa kujengea kaburi lako, pamoja na maneno ya kuandikwa juu yake: "Aliwaongoza wananchi kuhama kwa hiari." Yaani walichokikosa kwako ukiwa hai wanakitaka sasa, wakati huwezi kujibu! Hivi hawa watu hawana hata chembe ya haya?

Mama hakupandisha sauti. "Mwanangu, umechoka, kunywa uji kwanza," alimwambia tarishi. "Kisha uibebe saruji yako."

"Huogopi, mama?"

"Naogopa sana. Naogopa wajukuu wangu waje wasome uongo huu, waamini babu yao ndivyo alivyokuwa."

Tarishi alimaliza uji wake, akaifunga saruji kwenye baiskeli, akaondoka.

Kwa hiyo kaburi lako ni la udongo mtupu, na tunajua wapo wanaonong'ona kwamba tumekutupa. Mwanao Filipo amekuchongea msalaba wa mninga. Tumeshatumiwa salamu kwamba utang'olewa. Waung'oe, naye atachonga mwingine. Hatukuandika cheo chako wala miaka yako. Chini ya jina lako tumeandika maneno mawili: HAKUTIA SAHIHI.

Unakumbukwa na mkeo Paulina; wanao Magreti, Filipo na Costancia; dada yako Hildegarda; wajukuu zako wote; na rafiki yako Kisioki, ambaye ametutaka tumwandike hapa miongoni mwa ndugu, na ni haki yake.

Hatutakusahau, Baba, siku zote za maisha yetu.