Doto Amepata Maktaba

Jumanne, 5 Agosti

Nimerudi kutoka shule. Nimevua sare, nimechambua mchele, nimefungua daftari la Bailojia. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, nyumbani wala shuleni: nikiwa peke yangu hapa, namsikia kaka yetu Kulwa akinawa miguu uani. Kopo moja la maji kwenye jiwe. Kimya. Kopo la pili. Ndivyo alivyofanya kila alipotoka machimboni kuja kutusalimu.

Kulwa alifukiwa mwaka juzi, huko Runzewe. Duara lao, shimo la kuchimbia dhahabu, lilititia wakiwa chini. Kifusi hakikutolewa. Hatuna kaburi.

Huwa siendi kuangalia. Lango likilia, dada Doto akiingia kutoka kazini, maji yanakoma.

Alhamisi, 7 Agosti

Usaili ni kesho kutwa. Doto ni pacha wa Kulwa. Mimi ni Shija, kwa kuwa niliwafuata mapacha. Hata jina langu linawataja wao. Doto ana stashahada ya ukutubi, lakini hapa anatoa fotokopi na kuchapa barua za watu kwenye steshenari moja ya mtaa wa Kambarage. Sasa kuna shule Kigali inatafuta mkutubi wa kuwaanzishia rafu za vitabu vya Kiswahili.

Tumefanya mazoezi. Mimi mwajiri. Nikamuuliza kwa nini anataka kuondoka kwao. Akatazama ukuta mpaka nikaona aibu. Halafu akasema hilo hawataliuliza.

Jumamosi, 9 Agosti

Usaili ulikuwa kwa video, palepale steshenari. Mwenye duka alizima mashine isipige kelele. Nilikaa nyuma ya pazia. Waliuliza atafanya nini mtoto akirudisha kitabu kimechanika. Doto akasema atamkalisha, amfundishe kukishona. Nilisikia wakicheka, cheko zuri la watu walioridhika.

Niliomba wamkatae. Niliomba kwa dhati. Najichukia.

Jumatano, 13 Agosti

Amepata.

Mjomba amekuja kupongeza. Kwanza akacheka.

"Kazi ya kulinda vitabu? Kwani huko vinatoroka?"

"Vinatoroka, Mjomba," Doto akasema. "Kile ulichoazima kwa Shija kiko wapi?"

Mjomba akaomba maji ya kunywa. Baba alicheka hadi akakohoa. Mama hakucheka. Aliuliza tu basi la Kigali linapita wapi, ingawa anajua. Linapita Kahama, kisha Runzewe.

Jumapili, 17 Agosti

Kwetu pacha haendi mbali bila kumuaga mwenzake. Mama anataka Doto ashuke Runzewe, aulizie lile duara, aage. Doto hataki. Hajakanyaga Runzewe tangu siku ile. Baba anaogopa kinyume chake: akishuka, hatapanda tena. Wamebishana jikoni kwa Kisukuma ili nisielewe. Wamesahau kwamba nililelewa na Bibi.

"Hawezi kumpita ndugu yake kama kituo kisicho na abiria," Mama amesema.



Mimi nawaza jambo jingine. Doto akienda, nani atafungua lango ili maji yakome?

Ijumaa, 22 Agosti

Mama anafungasha. Sahani mbili, vikombe viwili, shuka mbili za rangi moja. Mapacha hawanunuliwi kitu kimoja. Ndivyo alivyowalea, na hajaacha. Majirani nao bado wanamwita Mama Kulwa.

"Mpakani watanihesabu wawili," Doto akasema.

Mama akaongeza taulo la pili.

Hiyo ilikuwa jioni. Mchana, kabla hawajarudi, Kulwa hakuishia jiweni. Baada ya kopo la pili nilisikia nyayo zenye maji zikija hadi mlango wa nyuma. Zikasimama. Nilishika kitabu nikasoma mstari mmoja kwa sauti, tena na tena. Sikumbuki ulisema nini. Lango lilipolia nilikuwa nimelowa jasho.

Jumamosi, 23 Agosti

Nilikuwa nimeamua kumwambia Doto. Nilijua akisikia haondoki.

Alinitangulia. Tulikuwa tunajalidi vitabu vyangu vya shule, zawadi yake ya kuaga. Bila kuinua kichwa akasema, "Unamsikia, sivyo?"



Akasema yeye pia alimsikia. Mwaka jana, mimi nikiwa bwenini, yeye hana kazi, Baba na Mama wakishinda sokoni. Makopo mawili, kila siku. Nilipohamia shule ya kutwa na yeye akapata kibarua cha steshenari, hakumsikia tena. Anadhani Kulwa huja kwa yule aliye peke yake.

"Ukisema nibaki, nabaki," akasema. "Ila ujue tutakuwa tumefukiwa watatu."

Gundi ilikuwa inakauka kwenye vidole vyangu. Nilikuwa naogopa kuliko siku yoyote.

Nilisema, "Nenda, dada."

Basi. Si ujasiri. Nilisema tu.

Jumapili, 24 Agosti

Ameondoka. Mama hakulia stendi, hakumpungia hata mkono. Alimwambia konda, "Huyo ana mwenzake njiani, usimharakishe." Konda akasema sawa mama, kama mtu aliyeelewa.

Asubuhi nzima Mama alikaa na simu mapajani. Kwaya ya kanisani ilisikika mpaka kwetu, hakuna aliyeenda. Mchana ujumbe ukaingia. Baba aliusoma kwa sauti. Basi lilisimama Runzewe watu wale. Doto alishuka. Hakwenda duarani, hakuna anayejua tena ni lipi. Alisimama kando ya barabara, akamweleza Kulwa anakokwenda na kazi atakayofanya. Dereva alipiga honi. Hakusogea. Dereva akapiga tena. Akapanda.

Baba alirudia neno la mwisho mara mbili: akapanda.

Mama akakaa sakafuni. "Sasa ameaga," akasema. Hapo ndipo alipolia.

Jumatatu, 25 Agosti

Doto amefika. Amepewa chumba. Maktaba ina rafu tupu na maboksi ambayo hayajafunguliwa. Anasema harufu ya mbao mpya inamuumiza kichwa kidogo.

Nilirudi kutoka shule, nyumba ilikuwa tupu. Maji yakaanza. Nilisubiri kopo la pili, kisha nikafungua mlango wa nyuma. Hapakuwa na mtu. Jiwe lilikuwa kavu. Kopo lilikuwa limening'inia msumarini.

Nikasema, "Shikamoo, kaka." Nikamwambia Doto amefika salama, na kwamba hatarudi karibuni. Nikachota maji nikamimina jiweni, kopo moja, halafu la pili. Mlango nikauacha wazi. Nikaleta kigoda, nikakaa kizingitini nikisoma mpaka Mama aliporudi kutoka sokoni.