Dakika Kumi za Kukaa Tu

Nyumba ya fundi cherehani,
Nyuma ya duka la rangi,
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa binti yangu Chiriku,

Hujambo mwanangu? Mumeo hajambo? Wajukuu wangu je, yule mdogo kikohozi kimekwisha? Usimvue sweta asubuhi. Sisi huku tu wazima, baba yako anakula na kulalamika kama kawaida yake.

Mwandiko huu mkubwa usikushtue, naandika kwa jicho moja. Kaa kwanza ndipo uendelee kusoma. Umekaa? Haya.

Yale mafua ya kunitoa machozi niliyokuwa nakuambia kwenye simu hayakuwa mafua. Ni mtoto wa jicho, jicho la kulia. Tangu mwezi wa pili nikishika sindano naona ukungu, tundu silioni. Gauni la mwalimu jirani yetu nilibandika mkono wa kushoto upande wa kulia, naye akalivaa akatoka nalo hivyohivyo, kwa kunistahi tu.

Daktari wa macho alisema upasuaji wenyewe ni mdogo. Lakini mara mbili nimefika mpaka mlangoni nikarudishwa, maana wakinifunga kile kitambaa cha kupimia presha, moyo unaruka na kipimo kinapanda. Presha isiposhuka, hawaligusi jicho. Na likicheleweshwa sana, kazi ya sindano niiage. Nilikuficha kwa sababu nakujua. Ungepanda basi siku hiyohiyo na mtoto mgongoni.

Sasa sikia. Nesi anayepima presha, msichana wa umri wako, aliniambia nimeze vidonge vyangu kama daktari alivyosema, na juu yake nianze kutafakari. Nikamwambia, "Mwanangu, mawazo ndiyo yaliyonileta hapa, na wewe unaniongezea mengine?" Alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Akasema ni kukaa dakika kumi kila siku, mgongo wima, na kufuatilia pumzi inavyoingia na inavyotoka. Nikamuuliza kama ni mambo ya dini, nisije nikachanganya na sala zangu. Akasema sala zangu ziko palepale, hii ni kukaa tu.

Kukaa tu! Kesho yake nikakaa kwenye kigoda cha cherehani, mguu ukaanza kukanyaga wenyewe, tukawa tunashona hewa. Nikahamia kiti cha plastiki. Hapo nikaielekeza akili yangu yote kwenye pumzi, kwa bidii kweli. Muda si muda kichwa kinazunguka, masikio yanavuma. Baba yako akarudi kuchukua kofia, akanikuta nimetuna mashavu. "Mke wangu," akasema, "unapiga mbizi kwenye nyumba kavu?"

Siku nne hivyo. Nikarudi kwa nesi kumwambia dawa yake inaua watu. Akasema, "Hebu fanya nikuone." Nikafanya. Akanitazama, akanitazama, akasema, "Mama, mbona hupumui?"

Kumbe, mwanangu! Miaka thelathini na tano nimeshona na pini midomoni, na kila nikitunga uzi au nikizungusha kola nabana pumzi ili mkono usitikisike. Kwangu mimi kuangalia kitu vizuri ndiko huko kubana. Aliponiambia niiangalie pumzi, nikaibana. Na siku za kupimwa nilikuwa naibana vilevile, nimemkazia macho mpimaji asije akakosea. Hata simu yako ikilia saa isiyo yako, nabana mpaka niisikie sauti.

Basi akanifundisha kuitoa polepole, kama mtu anayepoza chai. Na mawazo yakija nisiyafukuze, niyaone tu, kisha nirudi kwenye pumzi. Mawazo yangu unayajua: kikohozi, gesi, kama umefunga mlango. Sasa nayapa benchi yakae, kama wateja wasiofikiwa na zamu, nami naendelea na kazi iliyo mbele yangu. Sikudanganyi, siku nyingine yanajaza chumba kizima. Siku nyingine nasinzia nikakoroma, na baba yako anasema tafakari ya namna hiyo yeye ni bingwa wa siku nyingi.

Leo asubuhi nimepimwa. Nikatoa pumzi yangu ndefu, nikatazama ukuta. Nesi akapima mara mbili, ile ya pili nadhani kwa furaha tu. Imeshuka. Bado iko juu kidogo, lakini daktari ameridhika. Upasuaji ni Jumatatu, saa tatu asubuhi.

Usije. Mimi niliyewahi kukuamsha kwa simu eti huku kwetu kuna mvua, ndimi ninayekuambia usije. Baki na watoto, nenda kazini kwako. Baba yako atakuwa nje kwenye benchi, atakupigia nikitoka.

Msalimie mumeo, mwambie suruali yake nitaimaliza. Shangazi yako akipita hapo mpe salamu, ila haya ya jicho usimwambie, atatangaza. Wabusu wale wawili. Mungu awafunike nyote kwa amani, awape usingizi mzuri na asubuhi nyepesi.

Siwezi kukuahidi kwamba Jumatatu sitaogopa. Nitaogopa sana, mwanangu. Lakini nitaogopa huku napumua.

Mama yako akupendaye, asiyechoka kukuwaza,
Fundi.