Piranha wa Baba

Jumapili, 6 Aprili 2025

Kazini leo sikufanya kitu cha maana. Nimerudi kutoka likizo ya Idi, maabara yetu ya ukaguzi wa samaki kimya, nikasema nisafishe ile barua pepe ya zamani ya chuo ambayo siifungui tena. Na humo — barua ya Jurandir. Ya tarehe 14 Januari! Karibu miezi mitatu imekaa inaningoja.

Jurandir ndiye niliyevua naye miaka ile Brazili, matope mpaka magotini, tunahesabu miiba ya msumeno iliyopangana chini ya matumbo ya piranha hadi macho yanauma. Sasa anatayarisha orodha ya piranha wote na majina yao. Amefika kwa samaki wangu, yule niliyempa jina mimi, amekwama. Anasema jina halipo. Halikukosewa, halikuandikwa vibaya. Halipo.

Makala yangu ilitoka mtandaoni tu. Sheria ya majina ya wanyama inataka makala ya namna hiyo isajiliwe kwanza katika daftari la dunia, na ndani yake paonekane kwamba imesajiliwa. Yangu haina hata alama. Basi Serrasalmus amuri, kisheria, ni maneno mawili tu. Anayemtaka yule samaki anaweza kumpa jina analopenda yeye.

Na wapo wanaomtaka. Kuna watu Ujerumani wamempata samaki yuleyule, makala yao iko njiani. "Fanya haraka, dada," ameandika Jurandir. Januari hiyo!

Amuri ni Baba. Amur bin Nasr, miaka themanini na moja, yuko chumbani hapo anasikiliza taarifa ya habari kwa sauti ya kuwaamsha majirani. Hakujaaliwa mtoto wa kiume. Nipo mimi tu, Shaikha binti Amur, na mwanangu anaitwa Rahaf binti Azzam, kwa jina la baba yake ambaye hata simu hapigi. Jina la Baba linakomea kwangu. Kaburini nako hakuna jina, sisi hatuandiki, jiwe tu linasimama. Hilo halijawahi kumuudhi, ndiyo desturi. Lakini siku nilipomletea ile makala, mwaka 2019, alicheka mpaka akavua kofia. "Wenzangu wana wajukuu wa kiume," alisema. "Mie nna ukoo mzima mtoni!"

Nimwambie nini mimi?


Jumatatu, 7 Aprili

Nimetafuta wa kumlaumu. Nimempata.

Barua ya mhariri wa jarida lililotoa makala yangu, Septemba 2019: usajili atafanya mwandishi mwenyewe. Chini yake jibu langu: "Sawa." Neno moja. Ile ndiyo wiki aliyofariki Mama. Nilijibu nikiwa uwanja wa ndege, nikapanda, nikaja kuzika, sikukumbuka tena. Kazi ya dakika kumi! Nataka kusema msiba ndio sababu. Lakini baada ya msiba ilikuja Oktoba, ikaja Novemba, ikaja miaka mitano. Mzembe mkubwa mimi.

Jarida lenyewe limeshakufa. Jurandir anauliza kama kulikuwa na nakala za karatasi zilizopelekwa maktaba, maana hizo zingeliokoa jina. Hazikuwepo. Iliyopo ni moja, niliyoichapisha mwenyewe dukani hapa mjini, mtaa wa Qurum, karatasi nene, fremu ya dhahabu, imetundikwa sebuleni juu ya televisheni. Nakala moja ukutani kwa Baba si uchapishaji.


Jumanne, 8 Aprili

Siku ya Baba ya mashine ya figo. Saa nne za kukaa. Kiti cha jirani kuna mgonjwa mpya, Bwana Asaad, mtu wa makamo, kazaliwa Bujumbura, Kiswahili chake kimenyooka. Baba alifurahi kupata mtu. Nilijua kinachokuja. Nikajifanya nasoma simu.

"Wamjua piranha? Yule samaki mwenye meno?"

Bwana Asaad akasema amemwona kwenye filamu.

"Basi mmoja wao ni wangu. Ana jina langu mie. Huyu hapa binti yangu kamwandikisha."

Kamwandikisha! Neno lenyewe hilohilo. Bwana Asaad akauliza kama anauma watu. Baba akamjibu kwamba anauma, lakini kwa adabu. Manesi wakacheka, wao humwita Abu Piranha tangu mwaka jana. Kisha Bwana Asaad akauliza, kwa uzuri tu, una watoto wangapi wa kiume, mzee. Baba akarudi kwenye samaki. Akamweleza tumbo lake lenye msumeno, doa la kijivu ubavuni, mkia wenye ukingo mweusi. Hakukosea hata kimoja. Mimi nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi.


Alhamisi, 10 Aprili

Nimemwachia Rahaf zamu ya hospitali, nimeandika maabarani tangu asubuhi.

Nafasi bado ipo, anasema Jurandir. Makala ya Wajerumani haijatoka. Nikitoa upya maelezo ya samaki na jina lilelile, safari hii kwa usajili, na nikawatangulia hata kwa siku moja, jina ni la Baba. Anayetangulia ndiye mwenye jina. Sheria haiulizi nani alimvua kwanza, wala nani alimpenda zaidi.

Katikati ya kazi wameleta sanduku kutoka uwanja wa ndege, samaki wadogo wa mapambo, matumbo mekundu. Mwenye duka kaambiwa ni piranha, na piranha haruhusiwi kuingia nchini. Nikafungua mdomo wa mmoja. Juu safu mbili za meno, butu, ya kusagia. Pacu. Jamaa yake piranha, anakula matunda. Piranha ana safu moja, na kila jino ni wembe. Nikamwambia chukua samaki wako. Akaniombea dua ndefu. Wa watu nawatambua kwa dakika mbili, wangu mwenyewe nimempoteza.

Saa tisa nimemaliza. Picha zilezile, hesabu zilezile za miiba, namba ya chupa aliyohifadhiwa kule makumbusho ya Manaus, Brazili. Nimesajili. Namba ya usajili nimeiona kwa macho yangu, nimeisoma kwa sauti mara tatu. Nimetuma kwa jarida jingine.


Ijumaa, 11 Aprili

Hakuna jibu. Baba kaiba tende tena, alizokatazwa na daktari, kaficha kokwa chini ya mto. Sina nguvu hata ya kumgombeza.


Jumapili, 13 Aprili

Wamekubali!! Mhariri ni mtu mwema, amewapa wasomaji wawili, wamesoma Ijumaa na Jumamosi. Itatoka Alhamisi tarehe 17. Siku nne.

Leo nimekula wali kama mtu. Rahaf akauliza mbona nacheka peke yangu jikoni. Nikamweleza yote, kwa mara ya kwanza. Akasema, "Yaani babu asijue kabisa?" Nikamwambia ikitoka Alhamisi hakutakuwa na cha kujua.

Siku nne si nyingi. Ya Rabbi.


Jumanne, 15 Aprili

Imetoka yao.

Asubuhi hii. Nimeisoma kwenye kiti cha hospitali, Baba amelala, mashine inazunguka. Jurandir aliandika mstari mmoja tu: "Pole sana, dada." Nilijua kabla ya kufungua.

Serrasalmus nubilus. Kwa Kilatini ni mwenye mawingu, kwa lile doa la ubavuni. Na makala ni nzuri! Hilo ndilo linaloniua. Wamepiga picha za fuvu ndani kwa ndani, wamepima samaki hamsini, mimi nilikuwa nao kumi na mmoja. Wamenitaja kwenye ukurasa wa tatu, sentensi moja: jina lililowahi kutumika bila kutimiza masharti. Hawakudhulumu mtu. Walifuata sheria nami sikuifuata. Laiti wangeniibia ningekuwa na wa kumchukia.

Baba akaamka akauliza mbona mkono wangu wa baridi. Nikasema kiyoyozi.


Jumatano, 16 Aprili

Nilidhani jana ndiyo chini kabisa. Bado kulikuwa na ngazi.

Mhariri wangu ameandika. Ameona ya Wajerumani. Anauliza kwa upole: tuichapishe kesho kama ilivyopangwa, au tuiondoe? Anataka jibu kesho kabla ya saa sita mchana.

Nikampigia Jurandir anifafanulie, ingawa nilijua. Ikichapishwa, jina la Baba litakuwepo, lakini kama jina la pili la samaki mwenye jina lake tayari. Litakaa kwenye orodha chini ya nubilus, kwa herufi ndogo, na hakuna atakayelitumia. Na zaidi ya hapo — likishaingia hivyo, hakuna piranha mwingine wa kundi lile atakayeweza kuitwa amuri. Siku zote. Limetumika, limezikwa. Nikiiondoa, jina linabaki si kitu, lakini liko huru. Siku moja akipatikana samaki mwingine asiye na jina, anaweza kupewa.

Siku moja! Nani atampata? Mimi nina miaka arobaini na sita, nakagua masanduku ya samaki wa mapambo. Mto ule sitauona tena. Jurandir alisema, nami niliisikia huruma ndani ya sauti yake, kwamba yeye bado yupo mtoni. Hakuahidi. Nilimshukuru kwa kutoahidi.

Rahaf anasema chapisha. Babu ataonyeshwa karatasi, ataona jina lake, yatosha. "Mama, kwani babu atakwenda kuangalia orodha?" Ana miaka kumi na saba, kwake jina ni kitu cha kuonekana kwenye karatasi. Lakini je, mimi nimefanya tofauti na hivyo? Fremu ya dhahabu iko pale sebuleni miaka mitano, na haikuwa na kitu ndani yake.

Daktari naye alinivuta pembeni jana. Moyo wa Baba umechoka, mashine inauchosha zaidi. Hakusema miezi mingapi. Alisema tu nisichukue safari ndefu.

Namhesabia Baba muda na huku nahesabu jinsi ya kumdanganya. Najichukia leo. Sijapata kujichukia hivi.


Alhamisi, 17 Aprili

Naandika hospitali, daftari juu ya goti. Saa tano na nusu.

Njiani, pale Qurum magari yamesimama, niliamua. Ataambiwa. Mtu hawezi kujivunia kitu kisichokuwepo mbele ya wodi nzima kila siku mbili, na mtoto wake anasikiliza. Halafu jina ni lake. Liingie na kuzikwa, au lisubiri — nani mwingine wa kuamua?

Nimemweleza. Polepole, kwa maneno ya nyumbani. Kwamba nilisahau kuandikisha, wiki ile ya Mama. Kwamba nilijaribu tena. Kwamba wenzetu wametangulia kwa siku mbili. Sikujitetea. Bwana Asaad kwenye kiti cha jirani aligeuzia uso wake ukutani, muungwana yule.

Baba hakukasirika. Ningependa angekasirika. Akawa anatazama damu yake inavyopita kwenye mpira. Kisha:

"Sasa anaitwaje?"

"Nubilus."

"Nani huyo?"

"Si mtu, Baba. Ni mawingu. Kwa lile doa lake."

"Ah." Akalisema mara mbili, taratibu, alivyokuwa akilisema lake alipokuwa anajifunza. "Zuri. Ni kweli lile doa mfano wa wingu." Nami nikaingia kwenye habari ya leo, kwamba lipo la kuamua, nikaanza na karatasi ile ikitoka itakuwaje, na isipotoka itakuwaje. Sijui kama alinisikia. Akanikatiza.

"Na mie?"

Sikuelewa. Au nilielewa.

"Samaki ana jina lake, alhamdulillahi. Nakuuliza, na mie? Langu litabaki wapi?"

Saa sita kasoro dakika ishirini. Barua ya mhariri iko wazi kwenye simu, sijaandika kitu. Nimemwambia ngoja kidogo Baba, nesi anakuja. Ananitazama bado. Hakuna nesi anayekuja.