Keziya alivyogeuka na bunduki

Tumaini, soma hii kwanza. Keziya kampiga Dickson risasi.

Ndiyo, mume wake. Yuko hai, wamempeleka hospitali. Uwanjani Ipyana, watu wote wanaona.

Ni yale mashindano ya kutungua visahani vya udongo, mashine inavirusha juu na wewe unavipiga kwa marisau. Keziya hajawahi hata kushika bunduki. Dickson ndiye alimwandikisha, kwa utani. Cha kwanza akakisambaratisha. Cha pili akakisambaratisha. Bega limevimba na bado anataka.

Cha tatu kimerushwa, kidole kiko kwenye kifyatulio, baba mkwe akatokea kando ya mashine.

Unawajua wale wa ukoo wa Dickson. Kwao mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Miaka tisa Keziya akimsikia tu anakohoa anakimbilia mgombani. Na leo akafanya vilevile. Akageuka, akainama, akaficha uso. Bunduki ikageuka naye.

Dickson alikuwa nyuma yake anacheka. Paja limechambuka, Tumaini. Damu ikajaa kwenye kiatu. Na Keziya bado kaficha uso, anauliza, "Nimepiga nini? Nimepiga nini?"

Hakuna aliyethubutu kumsogelea. Akaenda mzee mwenyewe. Akamnyang'anya bunduki, akamshika kidevu, akamgeuzia uso kwake.

"Niangalie," akamwambia. "Nipe kitenge chako nimfunge mwanangu."

Miaka tisa. Neno la kwanza ndilo hilo.