Kiti cha Linet Kimekuwa Nyumba, na Nyumba Imeingia Shambani

Mpendwa Mshauri Persis, naomba unisaidie haraka kwa sababu wageni wanakuja Jumanne na sijui nitasimama wapi, na tafadhali usichapishe jina langu, sema tu ni mzee mmoja wa huku Magwagwa, mwenyekiti wa kikundi cha kutetea haki za wanawake na watu wenye ulemavu, yule mwenye spika kubwa.

Mimi ni mtu wa haki, hilo kila mtu anajua. Nimehutubia juu ya haki kwenye mabaraza, kwenye harambee, kwenye mazishi, na hata kwenye arusi moja kule Sironga ambayo sikuwa nimealikwa, na watu walinipigia makofi mpaka bibi arusi akasahaulika kidogo. Kwa hivyo usije ukasoma barua hii ukafikiri ni ya mtu mbaya.

Shida yangu ni Linet, mke wa mwanangu. Marehemu mwanangu Mathew alimuoa akiwa tayari anatumia kiti cha magurudumu, na mimi sikukataa, yaani nilikataa kidogo halafu nikakubali, na leo Linet ndiye katibu wa kikundi chetu, na ni lazima niseme anaandika vizuri kuliko mimi ninavyoongea. Sasa wewe ni mtu wa huku, unajua sisi Wakisii tuna heshima tunayoiita chinsoni, kwamba baba mkwe hamgusi mke wa mwanawe, hamsalimii kwa mkono, haingii nyumbani kwake, na kitanda chake hata kukiangalia haangalii. Mikutanoni Linet hukaa upande ule na mimi upande huu, nikitaka kumwambia kitu namwambia mke wangu Drusilla, naye anamwambia, na kazi inaendelea.

Basi siku moja mvua ilikuwa imenyesha, na njia ya kutoka kwetu kwenda barabarani ni mteremko wa udongo mwekundu, kiti cha Linet kikazama kwenye tope katikati ya njia, na mwanamume aliyekuwa karibu ni mimi peke yangu, nimevaa suti, nimechelewa mkutano wa kikundi. Nikafikiri, nikimsukuma nitakuwa nimeshika kiti, na kiti kimemshika yeye, kwa hivyo nitakuwa nimemshika yeye kupitia kiti. Nikazunguka kupitia kwenye migomba. Siku hiyo nilitoa hotuba nzuri sana juu ya kutomwacha mtu yeyote nyuma, na nilikuwa bado nahutubia wakati wanawake wachuma chai walipoingia wakimsukuma Linet kwenye wilbaro, tope mpaka kwenye nywele, na Loice mweka hazina wetu amejitwika kile kiti kichwani.

Wanakikundi wakataka kujua ni nani aliyemwacha. Nikawaeleza habari ya chinsoni kwa upole, na hapo ndipo mkutano ulipoharibika, kwa sababu wengine walisema kiti cha magurudumu ni kama viatu, na viatu vya mke wa mwana vinaweza kusogezwa na yeyote, wengine wakasema ni miguu, na hiyo ni mbaya zaidi, na mtu mmoja kutoka Nyacheki akasema ni gari na kwamba anafahamu baba mkwe aliyewahi kusukuma gari la mke wa mwanawe lilipokataa kuwaka na hakuna aliyekufa. Ikabidi niite wazee wa ukoo. Mzee Nyasani, ambaye ndiye mkubwa wetu, alikizunguka kile kiti kwa mbali kwa muda mrefu, akaona mwavuli ambao Linet amefunga juu yake, akaona sufuria na mfuko wa nguo vinavyoning'inia nyuma, akamwona mjukuu wangu amelala pale mapajani kwa mamake.

"Kina paa, kina breki ya kufunga, kina sufuria, na mtoto amelala," akasema. "Hiyo ni nyumba. Baba mkwe asiikaribie."

Mshauri, nilifurahi. Hakuna mtu duniani anayelaumiwa kwa kutosukuma nyumba. Nikatangaza uamuzi huo mwenyewe kwa spika siku ya soko, na Sabato nikautangaza tena kanisani baada ya ibada, nikashukuru wazee.

Kumbe nilijifunga mwenyewe. Juma lililofuata Linet alimtuma Drusilla aniulize, kwa heshima zote, kwamba kwa kuwa sasa ana nyumba inayotambuliwa na ukoo, na kwa kuwa katika mila yetu kila nyumba ya mke ina shamba lake, shamba la nyumba yake ni lipi. Nikacheka. Asubuhi iliyofuata wanawake walimsukuma mpaka kwenye kipande chetu cha chai kilicho kando ya barabara, pale tambarare, karibu na kituo cha kununulia majani, akafunga breki, akaanza kuchuma.

Kipande hicho nimeshampa mwanangu Ronny ang'oe chai aweke mahali pa kuosha magari. Nikaenda kumtoa, lakini nikafika kwenye mti wa parachichi ulio ukingoni mwa shamba nikakumbuka kwamba ile ni nyumba na mimi ni baba mkwe, nikasimama. Nikamwambia Drusilla amwambie Linet atoke, na Linet alikuwa ananisikia vizuri kabisa, ni hatua chache tu, lakini Drusilla akaenda, akainama, akamwambia kwa Kikisii kile nilichokisema kwa Kikisii, halafu akaongeza lake, kwamba anywe uji kwanza. Nikamtuma Ronny, kwa sababu yeye ni shemeji, hana mwiko huo. Ronny akasema, "Buda, hii ni story ya kizamani, mimi natoa hiyo breki saa hii." Drusilla akaketi chini mbele ya magurudumu, akamwambia amkanyage mamake kwanza. Ronny akarudi.

Tangu hapo sina raha. Nyumba hii inatembea. Nikisikia magurudumu naruka kwenye migomba, na juzi niliruka nikamkuta Nyasani huko, naye amejificha, kwa sababu kwa ukoo yeye pia ni baba mkwe. Siwezi kupeleka majani yangu kituoni kwa sababu nyumba iko kwenye foleni ya kupima. Sabato nilichelewa nikakuta nyumba imeshaingia kanisani na imesimama mlangoni, nikasikiliza mahubiri yote nikiwa nje kwenye mvua, na mahubiri yalikuwa juu ya Nuhu.

Lakini hilo si baya zaidi. Baya zaidi ni kwamba watu wananisifu. Habari zimeenea mpaka Nyamira mjini kwamba kuna mwenyekiti Magwagwa aliyempa mjane mwenye ulemavu shamba la chai kando ya barabara bila kusukumwa na mtu, na Jumanne vikundi vinakuja kutoka kila upande kujifunza kwangu, pamoja na maafisa wa kaunti na mtu wa kamera. Wamechapisha fulana zenye uso wangu. Wanataka nisimame kwenye hilo shamba, nimpe Linet mkono, tupigwe picha. Nikisema sikumpa, nimekwisha. Nikisema nilimpa, shamba limekwenda, na Ronny haniongeleshi.

Na nikuambie jambo moja ambalo sijamwambia Drusilla. Chai ile aliipanda Mathew kwa mikono yake, akiwa ametoka tu shule. Tangu tumzike sipendi kupita pale. Niliposema ing'olewe sikuwa nafikiria magari ya Ronny sana, nilitaka tu nisiione.

Sasa naomba unijibu, je, nyumba inaweza kurudi kuwa kiti? Ni nani ana mamlaka hayo? Na kama ni lazima nimpe mkono, glavu zinakubalika?

Ni mimi,
Mpenda Haki, Magwagwa.


MSHAURI PERSIS ANAJIBU

Mzee wangu, jina lako nimelificha kama ulivyoomba, ila umetaja spika, kwa hivyo nawasalimu wote wa Magwagwa ambao wameshakujua.

Nianze na pole. Mathew alikuwa mwanao, na baba anayekwepa kuangalia kichaka cha chai kwa sababu mwanawe alikipanda ni baba anayeumia. Nimesoma mstari huo mara nyingi kuliko barua yote, na ningependa umwambie Drusilla leo, kwa sababu nadhani analia peke yake pia. Lakini ulipotaka kuing'oa usiione, hukujiuliza Linet anaiona vipi. Yeye amefiwa na mume, na bado anaenda kukaa katikati ya chai hiyo kila siku, anaichuma, na mjukuu wako anakula. Yule ndiye anayemkumbuka Mathew vizuri. Wewe unaruka kwenye migomba.

Sasa nikugombeze kidogo. Ulimwacha mtu kwenye tope ukaenda kuwaambia watu wasimwache mtu. Usinipe habari ya suti. Ungeweza kupiga kelele barabarani watu waje, sauti unayo. Ungeweza kuchukua ubao ukauweka kwenye tope mbele ya magurudumu bila kugusa chochote. Ungeweza kukaa naye kwa mbali mpaka wanawake wafike. Ulikuwa na njia nyingi za kuwa na heshima, ukachagua ile ya kukuwahisha kwenye makofi.

Na chinsoni usiitumie vibaya, mzee. Mimi nimeolewa huku huku, naijua. Binti anatoka kwao, anaingia katika boma la watu asiowajua, ambamo baba mkwe ndiye mwenye kila kitu, ardhi, ng'ombe na neno la mwisho. Wakubwa wetu wakaona ni lazima pawe na mahali ambapo mkono wa huyo baba haufiki. Linet amepapata mahali hapo, ingawa ilibidi wazee wakizunguke kiti chake kama watu wanaonunua ng'ombe. Umekasirika kwa sababu mila yako imefanya kazi.

Kwa hivyo swali lako la kwanza, hapana, nyumba hairudi kuwa kiti. Ilikuwa nyumba ulipofikiri itakupunguzia kazi, na itabaki nyumba sasa inapokuletea hasara. Ukimwendea Nyasani abadilishe uamuzi, mtakutana migombani na mtaaibika wote. Glavu pia hapana. Linet hajaomba mkono wako, mwenye kuutaka ni mtu wa kamera. Mwambie ukweli kwamba kwenu hampeani mikono, akipige picha kile kipande cha chai.

Haya, sikiliza utakavyofanya. Kesho asubuhi wewe na Ronny mchukue majembe mkasawazishe ule mteremko, mmwage kokoto, mtengeneze mtaro wa maji pembeni. Udongo si mke wa mwanao, unaweza kuushika upendavyo. Ronny akilalamika juu ya magari yake, mwambie kijana mwenye mikono miwili na miguu miwili ana barabara nzima ya kutafutia mahali pengine, na kwamba ulikosea kumpa chai ya ndugu yake wakati mjane na mtoto wapo.

Jumanne, wageni wakija, usihutubie. Najua nimekuomba kitu kigumu kuliko shamba. Simama kwenye parachichi yako, sema mbele ya wote kwamba kipande kile kilikuwa cha Mathew na sasa ni cha Linet, halafu umpelekee kipaza sauti kupitia kwa Drusilla, ukae chini. Wakiuliza wazo lilitoka kwa nani, waambie lilitoka kwa Linet, na kwamba wewe ulikuwa unalipinga. Utaona watu watakuheshimu tu, na kama hawatakuheshimu, umestahili. Uenyekiti nao muufikirie wenyewe kwenye kikundi, lakini kama ningekuwa mwanachama ningejua ni nani wa kumpigia kura.

Sasa la mwisho, nalo ndilo kubwa, na usilifanye kwa mdomo. Kabla ya wageni hao kufika, nenda kwa chifu uanzishe shughuli, kisha mwite mpima ardhi, mwende kwenye bodi ya ardhi, kipande kikatwe na hati iandikwe jina la Linet. Sababu ya kukuharakisha ni hii. Leo Linet anakaa pale kwa sababu wewe unamwogopa na kwa sababu mwanamke mzee aliketi chini mbele ya magurudumu. Nyinyi wawili hamtaishi milele. Siku mtakapokuwa mmelala kando ya Mathew, Ronny ni shemeji tu, yeye hana mwiko wowote, na kutoa breki ile ni kazi ya kidole kimoja. Mwandikie shamba lake ukiwa bado unapumua.