Debe la Shomari Mzaramo

Mtaa wa Mtendeni,
Tabora.
14 Agosti, 1974

Kwa dada yangu Mwanne binti Lugembe,
Urambo.

Shikamoo dada. Keti kwanza ndipo uisome, kwa kuwa siku hizi elimu ya watu wazima imekufungua macho na husomewi tena na mtu. Barua hii ni ndefu kama gari moshi la Kigoma, na mzigo mzito uko kwenye mabehewa ya nyuma.

Hali yako? Miguu imepungua kuvimba? Shemeji Mussa amemaliza kuuza tumbaku, au bado analala kwenye bani la kuikaushia akiilinda kama bibi harusi? Wapwa zangu wote nawasalimu. Sisi huku hatujambo. Mwanahawa mke wangu ni mzima na anakushukuru kwa viazi vikavu, yale matobolwa uliyotuma. Mgongo unaniuma kidogo, lakini ni maumivu ya mtu mwenye nguvu, hayanizuii kitu.

Barua yako ya juzi nimeipata. Umesema shemeji alicheka hata akapaliwa na chai, alipohadithiwa na watu wa reli jinsi nilivyomtania jirani yangu Shomari kwa kumtilia betri mbovu katika debe lake la taka, na mkutano mzima ukavunjika mbavu. Umesema umefurahi kuona nduguyo bado mchangamfu, na ukataka nikuandikie mwanzo hadi mwisho. Vema. Shomari unamjua, ndiye yule Mzaramo aliyelala mlangoni siku ya msiba wa mama, wachukua jeneza ikawabidi wamruke, akisema hatoki Mnyamwezi hapa mpaka mtani apewe haki yake. Ndivyo walivyotuachia babu zetu wa misafara. Babu yetu alibeba pembe ndefu hata ncha yake ikaingia Tabora na shina bado liko Tura, na huko njiani mwenzake akifa mbali na ndugu zake, aliyemzika alikuwa mtani.

Sasa habari ya madebe. Mwaka huu baada ya darasa la redio la Mtu ni Afya, alitujia Bwana Afya mmoja anaitwa Modest, Mhaya mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Alitueleza kwamba kila nyumba iwe na chombo chenye kifuniko cha kutilia taka za jikoni peke yake: maganda ya ndizi na mihogo, makapi ya chai, majani ya mchicha, ukoko wa ugali. Kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi chombo kiwekwe kando ya barabara, na mkokoteni wa maksai utapita kuzichukua hadi shamba la ujamaa, zioze ziwe mboji ya mahindi. Chupa, makopo, nailoni na betri ni marufuku. Nyumba itakayochanganya itachorwa alama ya kosa mlangoni kwa chaki.

Mimi kama balozi wa nyumba kumi, mwaka wa tisa huu, nilisimama nikamsaidia kueleza. Ukweli ni kwamba nilieleza vizuri kuliko yeye. Nilisoma hadi darasa la tatu, la nne niliingia mlangoni nikatokea dirishani, lakini mambo ya mbolea mtu hafundishwi. Nikawaambia watu wangojee waone chombo cha balozi.

Dada, nilitengeneza pipa. Si debe la mafuta ya taa kama walivyofanya wengine, ni pipa zima la lami, nikalipaka rangi ya kijani, nikalichora Mwenge, nikaandika TAKA NI MALI kwa herufi za kusomeka kutoka stesheni. Watu walitoka Chemchem kuja kulitazama. Siku ya kwanza, Abasi, yule Mmanyema anayeendesha mkokoteni, alilizunguka mara mbili akalisukuma kwa goti, kisha akaniuliza kwa adabu kama nimekusudia kumwogesha tembo. Halikuinuka. Alhamisi yake alilipita bila kusimama. Niliwaambia majirani kwamba taka za balozi huchukuliwa kwa utaratibu maalumu.

Na huyo Shomari je? Debe tu, dada. Debe kuukuu, limepinda ubavu, kifuniko ubao wa sanduku la chai. Lakini kila mtu Shomari, Shomari. Eti chini anatandika pumba za mpunga zinywe maji, halafu taka, halafu kiganja cha majivu yaliyopoa, na likishamwagwa analisuuza na kulianika kichwa chini juani. Basi halinuki. Lake halinuki na langu linanuka, ndiyo habari iliyokuwa mjini. Wanawake walipopita kwangu walivuta kanga puani, na walipofika kwake walizishusha, wakasimama kuongea. Nikawa nakaa barazani nahesabu nani ameshusha kanga mlangoni kwa nani.

Lililonimaliza ni jambo la ndani ya nyumba yangu. Siku moja nilimwona Mwanahawa anavuka barabara na ungo wa maganda ya viazi, anakwenda kuyatia katika debe la Shomari. Nilimuuliza kama pipa lake limekufa. Akanijibu kwamba pipa langu lina funza wakubwa kiasi cha kuandikishwa shule, na yeye hatalifunua tena hata kwa talaka. Kwa hiyo lile debe lililosifiwa mtaa mzima lilijaa maganda yangu mwenyewe, dada. Viazi nimenunua mimi, sifa kachukua Mzaramo.

Mwezi wa Julai Bwana Afya alitangaza kwamba nyumba ya Shomari ndiyo nyumba ya mfano, na watu wa mitaa mingine watakuja kujifunza kwake. Jioni ile kwenye kahawa nikasikia wazee wawili wakisema kwamba uchaguzi wa balozi umekaribia, na balozi anayefaa ni yule ambaye mtu anaweza kusimama mlangoni kwake akavuta pumzi. Waliniona, na hawakunyamaza.

Alhamisi moja Abasi akakuta uchafu usiotakiwa katika lile debe la mfano, na Jumapili ukaitishwa mkutano mbele ya nyumba yangu. Nilifungua mimi. Nilisema kwa kirefu juu ya kupe na wanyonyaji waliojificha ndani ya nyumba kumi wakijifanya wasafi. Nilisema vizuri hata mwenyewe nikasisimka. Ndipo Bwana Afya akatoa betri nne kubwa kutoka kwenye gazeti akaziweka mezani. Shomari akaichukua moja, akaigeuza. Nawe unajua mazoea yangu ya kuzing'ata betri zikichoka ili redio ipate roho kidogo, na unajua pengo langu. Aliitazama ile betri, kisha akanitazama mdomo.

Nilidhani nimekwisha. Lakini Mzaramo aliangua kicheko, akaiinua betri watu wote waone alama za meno. Akasema huyu Mnyamwezi njaa imemzidi, amekula redio, na mabaki ameona haya kutia kwake akatia kwangu. Akasema ni utani, na mtani hashitakiwi, ila anatozwa jogoo. Watu wakalia kwa kucheka. Bwana Afya aliuliza utani ni nini, akaelezwa na watu sita kwa pamoja, akaandika kwenye daftari. Nami nikapiga kifua nikasema naam, ni mimi, na jogoo atapata, mwenye upanga wa kichwani mkubwa kuliko wake yeye. Hapo ndipo hadithi ilipopanda gari moshi ikaja kwenu.

Dada, watu wa reli walikubebea betri tu. Damu waliiacha stesheni.

Pamoja na zile betri nilitia kioo cha taa yangu, ile chemni iliyokuwa imevunjika, vipande vyote, nikavisukuma chini kabisa kwenye pumba. Ilikuwa asubuhi, Shomari amekwisha liweka debe kando ya barabara akaingia ndani kunywa chai. Nilivuka kama mtu anayekwenda kumjulia hali jirani. Nilitaka Abasi avione vile vigae, achore chaki kwenye mlango ule, basi. Abasi hupekua taka za kila mtu kwa kijiti, pipa langu nilimwona siku moja akilipekua kwa kijiti kirefu na uso ameugeuza. Kumbe debe la Shomari hakulipekua hata siku moja. Alikuwa analiamini. Alilimwaga, na pumba zilizoganda chini akazikomba kwa mkono mtupu, kama alivyozoea.

Nilikuwa barazani kwangu. Abasi alikaa chini tu barabarani akakishika kiganja chake, na maksai wakaendelea mbele peke yao hatua kadhaa. Hospitali walimshona. Mshipa wa dole gumba ulikatika, na wamesema huenda dole lisikunjike tena kushika hatamu. Yule ana watoto watano, dada, na kazi yake ni mikono.

Siku ya mkutano Bwana Afya, baada ya betri, aliuliza habari ya vigae. Kicheko kikakatika. Utani unabeba betri, haubebi damu ya mtu, na tena mimi na Wamanyema hatuna utani. Nilifungua mdomo. Nakuapia niliufungua. Lakini Shomari alisema kwanza. Alisema kile kioo ni chake, kiliponyoka mkononi akakizoa gizani bila kuangalia, na anamwomba Abasi msamaha mbele ya wote. Basi nyumba ya mfano ikafutwa, na Bwana Afya mwenyewe akachora alama ya kosa kwenye mlango wake. Mimi nikafunga mkutano nikawashukuru waliohudhuria.

Ile chaki ipo mpaka leo. Kila nikikaa barazani naiona. Wanawake sasa wanapita kwa Shomari haraka haraka, wanawaambia watoto wasishike kitu pale. Na tangu siku ile ni Shomari anayeendesha maksai badala ya Abasi, ujira anampelekea Abasi. Asubuhi anapita mlangoni kwangu, ananiamkia, ananiuliza Mnyamwezi umeamka au umekula na kitanda. Wala haniangalii vibaya. Ningependa aniangalie vibaya.

Kwa hiyo sikumtania mtu, dada. Nilimwonea wivu mtu kwa ajili ya debe, na nimemwonea wivu vibaya kuliko kijana anavyomwonea mwenzake kwa ajili ya mwanamke.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Chemchem kwa Abasi. Nilichukua jogoo. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, unanijua, lakini yalitoka machache. Alinisikiliza hadi mwisho huku amelaza ule mkono juu ya goti. Kisha akaniambia kwamba alikuwa anajua. Anayemwaga taka za mtu anaijua nyumba yake: kwa Shomari hakuna taa ya chemni, wanatumia kibatari, na hajapata kuona masizi ya chemni katika taka zao. Alimwendea Shomari siku ya pili baada ya mkutano akamwambia hivyo, tena kwa hasira. Shomari akamwomba asubiri. Alimwambia kwamba mtani wake Nassibu ana mdomo mrefu lakini hawezi kulala na jambo, utaona atakuja mwenyewe.

Yaani hata kwamba nitatubu, dada, Mzaramo alijua kabla yangu. Nilirudi njia nzima nikiwa na uchungu, na sitakuficha, haukuwa wote uchungu wa toba. Abasi hakusema amenisamehe. Alisema jogoo ni mzuri, na kwamba neno la chumbani halifuti chaki ya mlangoni.

Limebaki jambo moja ambalo Shomari hawezi kunitangulia. Jumapili hii nimeitisha nyumba kumi zote na Bwana Afya nimemwalika. Nitasimama niseme chemni ni yangu, na kwamba haukuwa utani. Kitambaa cha kufutia ule mlango nitakwenda nacho mwenyewe mchana, watu wakiona. Ubalozi nitauacha papo hapo. Na wakimpendekeza Shomari nitanyosha mkono, dada. Utapanda polepole, lakini nitaunyosha.

Wewe nakuomba hili tu. Wale mliocheka nao huko, shemeji akiwa wa kwanza, waite uwasomee barua hii kwa sauti, usiruke mahali. Nisije nikasema ukweli Tabora nikabaki mchekeshaji Urambo.

Mwanahawa anakusalimu sana na anasema atakuletea kanga mkionana. Nisalimie wapwa zangu wote kila mmoja kwa jina lake, na majirani wanaonikumbuka. Miguu uikande kwa maji ya moto ya chumvi. Mungu akulinde.

Ndimi mdogo wako,
Nassibu Lugembe