Vinu sita kutoka Makebuko

Muyinga, Jumamosi jioni. Asubuhi mvua ilipiga, ikaacha barabara nyekundu na viatu vizito, kisha jua likatoka kana kwamba halihusiki. Mikono yangu inanuka mpira. Nimeiosha mara tatu, mara ya mwisho kwa limau, na bado inanuka. Siku nyingine ningelalamika. Leo nainusa kwa makusudi.

Nimeshinda.

Nalisema kwanza, kwa sababu nikianzia mwanzo nitaona aibu na kufuta nusu.

Kwa anayefika hapa leo: mimi naishi mtaa wa Yoba, mjini Gitega, Burundi, na kazi yangu ni kuokota. Majirani wananiita Mama Bidoni, na usidhani wananiita kwa mapenzi. Naokota bidoni, yale madumu ya plastiki yakishatoboka, rimu za baiskeli, magunia ya mchele, vipande vya kitenge ambavyo mafundi cherehani wanavifagia jioni, navigeuza kuwa taa, mapazia, vioo na rafu. Napiga picha, naweka humu mtandaoni. Kwa muda mrefu walionisifu walikuwa watu wa mbali wasio na nia ya kuchukua hata ndoano ya pazia.

Halafu Mama Zaina akaniandikia kutoka Muyinga. Anafungua nyumba ya wageni, sebule na vyumba vitatu, karibu na soko. Alitaka nimpambie sebule kwanza. Ikimpendeza, vyumba vyote vitatu ni vyangu.

Baba hakufurahi. Baba yangu ni mkulima, anakaa Makebuko. Alivushwa kwenda Tanzania akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, akakomaa huko akilima ardhi ya kuazima, na tangu turudi hana imani na kitu chochote kisichoota udongoni. Tukapatana hivi: Muyinga wakinikataa, narudisha ufunguo wa kibanda changu cha kazi pale Yoba, nashika jembe. Alikuwa ameshanipimia sehemu ya bondeni, kwa hatua za miguu yake. Sikuichukia ile sehemu. Ni nzuri, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Sasa vinu.

Nyumba nyingi za Makebuko siku hizi zinapeleka muhogo na mahindi mashineni. Vinu vya zamani vimelala nyuma ya jiko, vimepasuka, vinangoja kuwa kuni. Nilizunguka nikiviomba, nikapata sita. Mama mmoja aliniuliza nitavifanyia nini, nikajibu kwa madaha kwamba ataona. Kuuliza si ujinga, wanasema. Mimi sikuuliza, na nikakataa hata kuulizwa. Nikavipindua mdomo chini, nikavipiga msasa, nikavipaka mafuta mpaka mishipa ya mti ikaonekana, nikashona mito ya duara ya kuweka juu. Viti sita. Baba alivizunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Kweli watu watakaa juu ya kuni?" akauliza.

Nikamwambia watakaa, Baba. Kama waziri.

Jana niliingia Muyinga na mzigo wangu juu ya basi, nikapanga sebule mpaka giza likanifukuza. Kioo chenye fremu ya rimu ya baiskeli. Rafu za mbao za kreti. Pazia la mlango la vifuniko vya soda, mamia ya vifuniko vilivyotobolewa kwa msumari kimoja kimoja. Na nilikuwa nimechambua vifuniko vyote vya bia nikavitoa, kwa kuwa Mama Zaina ni Mwislamu na nyumba ni ya Waislamu. Nilijipongeza sana kwa hilo. Nilijiona nimefikiria kila kitu, na nikalala usingizi wa mtu aliyefikiria kila kitu.

Asubuhi akaja Bibi Hadija, mama yake Mama Zaina, kukagua nyumba kabla ya dua. Dua ya ufunguzi ilikuwa leo hii baada ya sala ya alasiri, wazee wa mtaa wote wamealikwa. Bibi ni mdogo wa umbo, mgongo umenyooka, na anaangalia kitu kwa kukigusa. Akagusa pazia likalia, akacheka. Akajitazama kwenye kioo cha rimu, akarekebisha mtandio wake, akamwambia bintiye kwamba kioo hiki kinamrudishia ujana. Moyo wangu ulikuwa juu ya dari.

Kisha akainua mto mmoja kuona kiti kimetengenezwa na nini.

Aliutazama ule mti. Akauweka mto sakafuni, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akainua wa pili, akaulaza. Alifanya hivyo kwa yote sita, na hakukaa.

Nilimwambia ni vinu vya zamani, Bibi, vimepasuka, nimevipa maisha mapya. Nilitumia sauti yangu ile ya kwenye mtandao.

"We ulikulia wapi, mwanangu?"

Nikamwambia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi.

"Basi si makosa yako. Huku kwetu kinu hatukaliye. Iko kama tumbo ya nyumba. Mutu anakaliya tumbo ya mama yake?"

Mama Zaina akashika kichwa. Akasema wazee wakiona hivyo hawatakaa, na hawatasema kwa nini. Watasimama tu, watakunywa chai wima, watakwenda zao, na mtaa mzima utakuwa umejua kabla ya magharibi. Hakunifokea. Aliniambia neno moja ambalo lilinitosha: "Bon, mi siwezi kuanza nyumba na aibu."

Ilikuwa saa tatu na kitu asubuhi.

Nitasema ukweli, maana humu ndimo ninaposemea. Kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa majuto, kilikuwa hasira. Nilijiambia, tena yale yale, tumerudi kwetu na bado tunaulizwa tulikulia wapi. Kitu cha pili kilikuwa kibaya zaidi. Nilikuwa na kitenge kirefu kwenye begi. Nilikitoa nikakishika. Nikishona sketi ya kufunika kinu mpaka sakafuni, nani atajua chini kuna nini? Wazee watakaa, dua itasomwa, vyumba vitatu nitavipata. Uzi ulikuwa tayari kwenye sindano.

Bibi alikuwa bado amesimama mlangoni, ananiangalia nilivyokishika kile kitenge.

Sijui kwa nini, nikaanza kumweleza habari za Mama.

Mama alizikwa kule kule Tanzania. Kambini hatukuwa na viti, hakuna aliyekuwa navyo. Kila jioni Mama alipindua kinu chetu akakaa juu yake kuchambua maharage. Ndiyo picha yangu ya kwanza ya mtu aliyekaa kitini kwa heshima. Nikamwambia Bibi kwamba vile viti sita nilivitengeneza nikimuona Mama, na kwamba sikujua kinu hakikaliwi. Nikamwambia hata ile tabia yake: kabla hajakaa, Mama alikunja kitenge chake mara nne, akakitandika juu, akakipigapiga kinu kwa kiganja mara mbili. Mimi nilidhani anapangusa vumbi.

Bibi akaja karibu, akakaa sakafuni kwenye mkeka, akanivuta nikae naye.

"Hakuwa anapangusa," akasema. "Alikuwa anakiomba radhi. Mama yako alijuwa, mwanangu. Hakuwa tu na kiti."

Nililia. Nalisema wazi, nililia mbele ya mteja, saa chache kabla ya shughuli, na kamasi juu. Miaka yote hiyo Mama alikuwa anaomba radhi kila jioni, na hakutuambia, labda asituongezee aibu nyingine juu ya zile tulizokuwa nazo.

Nikakikunja kile kitenge, nikakirudisha begini. Kisha nikauliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza Makebuko, kwa mtu yeyote, siku ya kwanza kabisa.

"Na kuweka chakula juu yake, Bibi, inakubalika?"

"Chakula ndiyo kazi yake. Ukigeuze tu, mdomo uangaliye juu."

Nikasimama. Kuna jambo linanitokea mwilini nikiona kitu kitakavyokuwa, kama mtu aliyekumbuka alikoficha ufunguo. Jikoni kwa Mama Zaina kulikuwa na masinia makubwa ya duara, yale ya pilau, yameegemezwa ukutani. Nikageuza kinu cha kwanza mdomo juu, nikaweka sinia. Likakaa sawasawa. Meza. Na kwa kuwa kinu ni kifupi, ni meza ya mtu aliyekaa chini chini, jinsi watu wanavyokula wakipendana.

Meza sita nimepata, viti sina hata kimoja.

Nyuma ya soko kuna fundi wa baiskeli, na pembeni yake gereji yenye mlima wa matairi ya gari yaliyokwisha. Fundi aliponisikia nahitaji watu sita wakae kabla ya alasiri, akanipa mara moja jibu la Burundi nzima: kreti za bia, anazo kumi, anifuate nazo wapi? Nikamwambia nyumba ya Mama Zaina. Akakuna kidevu, akasema aa, basi tuzisahau.

Nikamuomba matairi. Na mipira ya ndani ya baiskeli, ile iliyozibwa mpaka haizibiki tena.

Hapo ndipo kazi iliponoga. Wewe ukikaa nchi hii unajua jinsi mkungu mzima wa ndizi unavyofungwa nyuma ya baiskeli kwa ukanda wa mpira, ukashuka mlima wote bila kutikisika. Fundi analijua lile fundo akiwa amefumba macho. Tukalaza matairi mawili mawili, tukayafunga pamoja kwa fundo lile, kisha tukakata mipira kuwa kanda ndefu na kuzisuka juu ya tundu, moja juu, moja chini, kama mkeka. Zaina, binti mkubwa wa nyumba, alisugua matairi kwa sabuni na mchanga mpaka yakang'aa kuliko yalipokuwa mapya. Mimi nilisuka. Vidole viliota malengelenge, yakapasuka, nikaendelea kusuka. Haraka haraka haina baraka, lakini leo baraka ilikimbia nasi bega kwa bega.

Ile mito ya duara niliyoishonea vinu iliingia juu ya matairi bila kubadilisha hata mshono. Hilo sikulipanga na sitajisifia. Haya, kidogo tu.

Cha sita kilikamilika wakati muadhini anaanza.

Wazee waliporudi kutoka msikitini waliingia kupitia pazia la soda, likawaimbia kila mmoja. Wakasimama. Wakaangalia matairi. Mzee mmoja mnene, wa kilemba, alikibonyeza kiti kwa kidole kisha akanitazama mimi, na nikaona sehemu ya bondeni ya Makebuko, mimi na jembe langu, wazi kabisa.

Bibi Hadija akapita katikati yao. Akachagua kiti cha karibu na kinu, akakaa. Akajisogeza mara moja, mara mbili, kama kuku anayetengeneza kiota. Akaweka glasi yake ya chai juu ya sinia na kusema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba hiki kinu kimetoka Makebuko na hakijaacha kazi.

Mzee wa kilemba akakaa. Wengine wakamfuata, waliokosa viti wakajipanga kwenye mkeka.

Dua ikasomwa. Pilau ikaletwa, ikawekwa juu ya vinu sita, na watu wakainamia meza zile wakala kwa mikono, magoti yakigusana. Mmoja aliuliza kama nachukua kazi za Karuzi. Mama Zaina hakunipa hotuba. Alipita na birika, akanionyesha kwa kidevu mlango wa chumba cha kwanza, akasema nianze Jumatatu.

Nilitoka nje kwenye tope, nikarusha mikono juu kama mtu aliyefunga goli. Fundi wa baiskeli aliniona. Sijali.

Kisha nikampigia Baba. Nilimweleza yote kwa pumzi moja, vinu, Bibi, kile kitenge cha Mama kilichokunjwa mara nne. Akasema kwamba ndiyo, anakikumbuka kitenge kile, cha rangi ya kahawia, na kwamba kule kambini aliwahi kumletea gogo la kukalia, mchwa wakalitafuna. Hakuendelea. Baba si mtu wa kuendelea.

Halafu akauliza watu walikaa juu ya nini mwishowe. Nikamwambia matairi.

"Na wakakaa?"

"Wakakaa mpaka adhana ya magharibi, Baba."

Akasema basi ile sehemu ya bondeni ataipanda maharage yeye mwenyewe, mvua isije ikamuacha. Nikajua ndiyo ruhusa. Nilikuwa nakaribia kukata simu aliponiita tena, akikohoa kwanza, kama anavyofanya akitaka kuomba kitu.

Ameomba kiti kimoja. Amesema kisiwe cha mbao.